Ndege jitu wa Los Angeles: ana undugu gani na kondori, na kwa nini alitoweka?

*Swali: Shikamoo Daktari. Mwanangu wa darasa la sita amenionyesha kwenye simu picha ya ndege wa kale wa Marekani, mabawa mapana kama paa la nyumba, kambeba mtoto kwa kucha. Maelezo yanasema huyo ni babu wa kondori wa leo. Je, aliwahi kuwepo kweli? Ana undugu na tumbusi tunaowaona Mikumi? Kama alikuwa na nguvu zote hizo, imekuwaje yeye akatoweka na kondori akabaki? Na huku kwetu Afrika aliwahi kufika? (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Aliwahi kuwepo, tena hakuwa wa aina moja. Kubeba mtoto hakuweza, na babu wa kondori, yule ndege mkubwa mla mizoga wa Amerika, hakuwa. Picha za namna hiyo hukosea palepale kila mara: mchoraji huanza na mabawa, akishanogewa humalizia miguu kwa kunakili ya tai. Mimi ndege wa kale humwanzia chini. Kwanza miguu, halafu mdomo, halafu nauliza alikuwa anakula nini na nani mwingine alikuwa akikila chakula hicho. Mabawa huja baadaye, maana ndiyo yanayodanganya watu zaidi.

Mhusika wako, kwa maelezo uliyonipa, ni *Teratornis merriami*. Loye Miller ndiye aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1909, kutokana na mifupa iliyochimbwa Rancho La Brea, mahali ambapo leo pamezungukwa na jiji la Los Angeles. Mabawa yake yakikunjuliwa yalifika mita 3.5 hadi 3.8, na uzito wake unakadiriwa kuwa kilo 14 au 15. Kondori wa milima ya Andes, ambaye yu hai hadi leo, ana mabawa ya mita 3.2 hivi na dume lake hufikia kilo 15. Kwa hiyo Teratornis alimzidi kwa nusu mita tu, na kwa uzito walikuwa karibu sawa. Hapo paa la nyumba limeshaanza kupungua.

La Brea yenyewe inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu bila lami ya pale huyu ndege tungemjua kwa vipande viwili vitatu. Lami ya asili imekuwa ikipenya kutoka ardhini hapo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Usifikirie ziwa jeusi ambamo tembo anazama mzimamzima kama filamu zinavyoonyesha. Mara nyingi lilikuwa dimbwi la kina cha sentimita chache, limefunikwa na majani makavu na vumbi, na jua likiwaka lami inalainika na kunata. Nyati anakanyaga, kwato zinashikwa, na kila anavyojitahidi kujinasua ndivyo anavyochoka. Mbwamwitu wanamwona mnyama asiyeweza kukimbia, wanamrukia, nao wananasa. Kisha ndege wala mizoga wanashuka kwenye karamu hiyo na manyoya yao yanajaa lami.

Ndiyo maana hesabu ya La Brea imepinduka. Mbugani wala majani huwa wengi kuliko wala nyama kwa mbali sana, lakini ndani ya lami mamalia wakubwa walio wengi ni wala nyama. Mbwamwitu wa kale peke yao wanazidi 4,000. Teratornis wanazidi 100, na kwa ndege wa ukubwa ule hiyo ni hazina isiyo na mfano. Wala hayakuhitajika maafa makubwa kufikia idadi hizo. Wataalamu wa pale walipiga hesabu kwamba wanyama wakubwa kumi wakinasa kila baada ya miaka kumi, na mtindo huo ukaendelea kwa miaka 30,000, mifupa yote inatimia.

Sasa undugu. Teratornis na wenzake wana familia yao, Teratornithidae, na familia iliyo karibu nao zaidi ni ile ya kondori, Cathartidae. Waite mabinamu. Ubabu hauwezekani kwa sababu moja rahisi: kondori kamili walikuwa wameshakuwepo na walinasa kwenye lami ileile. Alikuwepo *Gymnogyps*, wa jenasi ileile ya kondori wa California wa leo, ila mwili wake ulikuwa mkubwa kidogo. Alikuwepo pia *Breagyps clarki*, kondori mwenye mdomo mrefu mwembamba, ambaye naye ametoweka. Kama mtu anataka jamaa wa kondori aliyekufa na ambaye ni wa ukoo wenyewe kabisa, basi Breagyps ndiye wa kutajwa. Ila hapigiwi debe mtandaoni, kwa kuwa hakuwa mkubwa wa kutisha.

Tumbusi wako wa Mikumi ni habari nyingine. Wao ni wa familia ya tai na vipanga. Kichwa chenye upara au manyoya machache, mdomo wa ndoano, kuelea angani saa nzima bila kupiga bawa: haya yote kondori wanayo pia, lakini kila upande uliyapata peke yake kwa sababu ya kufanya kazi moja. Kuna wakati, kuanzia miaka ya 1960 hadi 1990, baadhi ya wataalamu wakubwa walidai kwamba kondori ni ndugu wa korongo. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Kondori hujikojolea miguuni ili kujipoza, kama korongo wafanyavyo. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya karibuni umewarudisha jirani na tai, lakini kwenye tawi lao wenyewe, lililoachana na la tai yapata miaka milioni 60 iliyopita.

Kuna jambo moja hapa ambalo hunifurahisha kila ninapolisimulia. Kwenye lami ya La Brea, pamoja na kondori na Teratornis, imo mifupa ya *Neophrontops* na *Neogyps*. Hawa ni tumbusi wa upande wetu, yaani wa familia ya tai, wakiishi California. Ndugu wa tumbusi wa Mikumi walikuwa Amerika, wakagombea mizoga na kondori kwa mamilioni ya miaka, kisha wakafa wote huko. Leo tunasema tumbusi ni wa Afrika, Asia na Ulaya na kondori ni wa Amerika kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mgawanyo huo ni wa juzi.

Turudi kwenye mtoto aliyebebwa. Ndege akitaka kunyanyua mzigo kwa miguu anahitaji vidole vinavyofumba kwa nguvu na kucha ndefu za kuchoma, hasa ya kidole cha nyuma. Misituni kwetu yupo tai mwenye taji. Uzito wake haufiki kilo 5, lakini anaua nyani, mbega na paa wanaomzidi uzito, kwa sababu ya kucha. Na hofu ya binadamu kuhusu ndege wa namna hiyo si ya kubuni. Mwaka 1924 fuvu la mtoto wa *Australopithecus*, jamaa wa kale wa binadamu, lilipatikana Taung, Afrika Kusini. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walitoa hoja kwamba aliuawa na tai mkubwa, na baadaye alama zilizomo ndani ya matundu ya macho zikalinganishwa na zile zinazoachwa na tai mwenye taji kwenye mafuvu ya nyani, zikafanana. Mtoto huyo wa Taung alikuwa na umri wa miaka mitatu au minne hivi.

Teratornis alikuwa na uzito mara tatu ya tai huyo na hakuweza kufanya lolote kati ya hayo. Miguu yake ilikuwa minene na mifupi, vidole havikuumbwa kwa kufumbata, na kidole cha nyuma kilikuwa dhaifu kama cha kondori. Ni miguu ya kutembelea na kusimamia. Kondori wa leo akitaka kuhamisha kipande cha nyama hakibebi kwa miguu hata siku moja. Anakila palepale, au anakimeza akakitapikie kinda.

Mdomo ndio ulioleta ubishi wa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa ndege wa kale Kenneth Campbell na Eduardo Tonni walichunguza fuvu na taya wakasema huyu hakuwa mla mizoga kama kondori, bali mwindaji wa vitu vidogo. Taya zake ziliweza kutanuka, na umbo la fuvu halikuonyesha nguvu ya kuchana ngozi ngumu ya mzoga mkubwa. Kwa maoni yao alitembea nyikani akiokota vyura, mijusi, panya na makinda ya ndege, na kumeza wazimawazima. Wengine wamewajibu: kama alikuwa akiokota panya, mbona wamenasa zaidi ya mia kwenye mtego ambao chambo chake ni mizoga? Mimi nadhani pande zote mbili zina haki, nikiegemea kwenye mizoga. Ndege wengi wakubwa hawachagui. Nenda Kampala ukamwangalie korongo mfuko-shingo kwenye jaa la taka: anatembea kwa madaha, anaokota panya, anameza utumbo uliotupwa, na mzoga ukifunguliwa na wengine anasogea kuchukua vipande laini. Maisha ya Teratornis nayawazia hivyo, kwa miguu mifupi zaidi.

Picha ya mwanao huenda imemchanganya na jamaa mwingine wa familia hiyohiyo, *Argentavis magnificens*, na huyu ndiye anayestahili kuitwa jitu. Campbell na Tonni walimtangaza mwaka 1980 kutokana na mifupa ya jimbo la La Pampa, Argentina. Aliishi kati ya miaka milioni 6 na 9 iliyopita, kwa hiyo hakuna binadamu aliyemwona. Mfupa wake wa juu wa bawa peke yake una urefu wa sentimita 57 hivi. Alipotangazwa, upana wa mabawa ulitajwa kuwa mita 7 na zaidi. Makadirio ya karibuni yameteremka hadi kati ya mita 5 na 6.5, maana manyoya hayakubaki na ukubwa mzima unakisiwa kutoka mfupani. Uzito unakadiriwa kuwa kilo 70, uzito wa mtu mzima. Tandawala mkubwa wa mbuga zetu, ambaye ni miongoni mwa ndege wazito kabisa wanaoruka leo, huishia kilo 18 au 19.

Watu huuliza kilo 70 zilirukaje. Sankar Chatterjee, Campbell na mwenzao Jack Templin walipiga hesabu hiyo mwaka 2007. Misuli ya kifua isingetosha kumwendesha kwa kupiga mabawa muda mrefu. Alihitaji mteremko wa kukimbilia na upepo wa mbele kidogo ili ajiinue, na akishapanda alitegemea hewa ya moto inayonyanyuka kutoka ardhini pamoja na upepo unaogonga miteremko ya milima.  Kisha utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wa kondori wa Andes waliofungwa vifaa vya kurekodi kila pigo la bawa, ulionyesha kwamba walipiga mabawa kwa asilimia 1 tu ya muda wao angani, sehemu kubwa wakati wa kuruka kutoka ardhini. Mmoja alikwenda kilomita 172 kwa zaidi ya saa tano bila kupiga bawa hata mara moja. Kama ndege wa kilo 12 au 15 anaishi hivyo leo, wa kilo 70 hana ajabu tena, mradi nchi iwe na jua, upepo na uwanda wazi. La Pampa ilikuwa navyo vyote.

Swali lako la tatu ndilo zuri kuliko yote: kwa nini mmoja alikufa na mwingine akabaki? Nguvu haihusiki. Mwishoni mwa enzi ya barafu, miaka 11,000 na kitu iliyopita, Amerika Kaskazini ilipoteza wanyama wake wakubwa karibu wote: mamothi na mastodoni (jamaa wa tembo), farasi, ngamia, wale slothi wakubwa wa ardhini. Wataalamu wanagombana hadi leo kama waliomaliza ni wawindaji waliokuwa wameingia bara hilo au ni mabadiliko ya hali ya hewa, na mimi naona vilisaidiana. Kwa ndege wa mizoga sababu haikuwa na maana. Meza iliondolewa.

Ukitaka kuelewa ukubwa wa pigo hilo, tazama Serengeti. David Houston alifanya utafiti pale miaka ya 1970 akaonyesha kwamba tumbusi hawategemei sana mabaki ya simba kama watu wanavyodhani. Chakula chao kikubwa ni wanyama waliokufa wenyewe kwa njaa na maradhi, na wanaweza kuishi hivyo kwa sababu nyumbu ni zaidi ya milioni moja na daima kuna mahali fulani wanapokufa. Ndege mkubwa anayeelea anaweza kuufuata msafara huo kwa mamia ya kilomita. Ondoa nyumbu wote, uone tumbusi watabaki wangapi.

Kondori wa California aliokolewa na bahari. Jambo hili halikukisiwa, limepimwa ndani ya mifupa. Mla vyakula vya baharini huhifadhi kwenye mifupa yake kiasi kikubwa zaidi cha aina nzito za naitrojeni na kaboni kuliko mla vya nchi kavu. Kena Fox-Dobbs na wenzake walipima mifupa ya ndege wa La Brea na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Teratornis alikuwa mla vya nchi kavu. Kondori, wakati huohuo na mahali hapohapo, baadhi yao walikuwa wanakula pia nyangumi na sili waliotupwa ufukweni. Wanyama wa bara walipokwisha, kondori waliokuwa ndani ya nchi walikwisha nao. Wale wa Grand Canyon, korongo kuu la Arizona, kwa vipimo vya Steven Emslie vya mwaka 1987, hawaonekani tena baada ya miaka 10,000 hivi iliyopita, na kwenye mapango yao yamebaki mabaki ya farasi, nyati na mamothi waliyokuwa wakiwalisha makinda. Hapo kale kondori hao walienea hadi Florida na New York. Waliobaki ni wa mwambao wa Pasifiki. Msafara wa wapelelezi wa Kimarekani Lewis na Clark ulipofika mdomo wa mto Columbia mwaka 1805 uliwakuta huko, wakila nyangumi na samaki.

Baadaye ng'ombe wa walowezi wa Kihispania wakawapa meza ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokaribia kuwaua, kwa kuwa pamoja na mifugo zilikuja bunduki. Kondori akila utumbo wa mnyama aliyepigwa risasi humeza vipande vya madini ya risasi na kupata sumu. Mwaka 1987 wote waliobaki duniani, ndege 27, walikuwa wamekamatwa ili wazalishwe kwenye mabanda. Leo wamevuka 500, wengi wakiwa wameachiwa porini, lakini sumu ya risasi bado inaongoza kwa kuwaua. Huku kwetu sumu ni ya namna nyingine, dawa ya wadudu inayopakwa kwenye mzoga ili kuua simba au fisi aliyekula mfugo, na inaua tumbusi makumi kwa mkupuo. Utafiti wa Darcy Ogada na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba idadi ya tumbusi wa Afrika imeshuka kwa wastani wa asilimia 62 ndani ya miaka 30. Kwa tumbusi hawa nyumbu wapo tele, chakula kipo.

La mwisho, Afrika. Hapana, hakufika. Mifupa yote ya familia ya Teratornis inayojulikana imetoka Amerika, kusini na kaskazini. Upande wetu nafasi ya ndege mkubwa wa kutembea na kuokota ilishikwa na korongo. Alikuwepo *Leptoptilos falconeri*, jamaa wa huyu korongo mfuko-shingo wa majalalani, aliyesimama karibu mita 2. Mifupa yake imepatikana India na Ethiopia, kwenye tabaka za enzi ya Pliosini (miaka milioni 5.3 hadi 2.6 iliyopita), enzi ambayo jamaa za yule mtoto wa Taung walikuwa wakizunguka hapohapo Ethiopia.